Fundo Lililobaki Mtini

Bwenini, Mbozi
10 Agosti 2025

Shangazi Nesta,

Shikamoo. Kuna jambo sijamwambia mtu yeyote, hata Mama, hata Violet ambaye kitanda chake kiko chini ya changu. Siku Baba mdogo Ambakisye alipoanguka kisimani, ile namna ya kufunga kamba niliitoa mimi. Haikuwa ya Mjomba Rabson.

Najua ulisimuliwa vingine, kwa sababu siku hiyo ulikuwa kazini Tunduma. Ilikuwa likizo ya Juni. Maji ya kuoshea kahawa yalikuwa yamepungua, Baba mdogo akashuka kukichimba kisima kiende chini zaidi. Mjomba Rabson alikuwa juu akipandisha udongo, kama walivyofanya miaka yote tangu waanze kuchimba visima pamoja. Lile gogo la kuzungushia kamba likapasuka na nguzo yake moja ikang'oka. Baba mdogo hakuumia, ila alibaki chini bila njia ya kupanda, na maji yalikuwa yanajaa kidogo kidogo. Wenzenu wa Zimamoto kule Vwawa walipigiwa simu, wakasema wanakuja. Watu wakaanza kubishana, kila mwanaume na lake.

Mimi nilikuwa nyuma ya akina mama na kitabu changu. Sijui nguvu ya kwenda mbele niliitoa wapi. Nilimfuata Mjomba Rabson nikamnong'oneza, kisha nikamchorea chini kwa kijiti. Upande huu wa kisima mkaratusi, upande ule mparachichi. Kamba ipite juu ya kisima kutoka mti hadi mti. Katikati yake tuning'inize lile kapi lake, kigurudumu cha kupitishia kamba, na kamba nyingine ipite kwenye kapi imshukie Baba mdogo, watu wavute. Nikamwambia mzigo utagawanyika, nusu utabebwa na mti huu na nusu na mti ule.

Akainua mikono yote miwili. "Nyamazeni! Profesa kasema nusu kwa nusu! Leteni ngazi!"

Alipanda mwenyewe akafunga. Wakavuta. Baba mdogo akapanda mpaka nikaiona kofia yake. Kisha kamba ikaachia upande wa mkaratusi, akarudi chini. Ni Zimamoto waliomtoa baadaye kwa kile chuma chenu cha miguu mitatu, nyonga imevunjika.

Kila mtu alisema fundo la Rabson limefunguka. Yeye hakubisha. Mwezi wa saba hakuna aliyemwita tena kuchimba, akaenda zake Nakonde, ng'ambo ya mpaka, upande wa Zambia. Mchoro wangu ulifutwa na miguu ya watu siku ileile.

Shangazi, wewe umefundishwa kazi ya kamba. Naomba uniambie kitu kimoja tu. Ile nusu kwa nusu, nilikosea? Kama sikukosea, basi kosa ni la fundo kweli, nami nitaweza kulala.

Mwanao,
Ferista


Tunduma
17 Agosti 2025

Ferista mwanangu,

Marahaba. Barua yako nimeisoma nimekaa kwenye ngazi ya gari letu, na wenzangu wakaniuliza kama nimeandikiwa na mchumba. Nikawaambia nimeandikiwa na profesa. Kukukaripia nawaachia wazazi wako, hiyo kazi wanaiweza. Mimi nitajibu ulichouliza.

Nusu kwa nusu ni kweli pale tu kamba mbili zinaponing'inia zimekaribiana, zote zinaelekea chini. Zikianza kuachana, hesabu inabadilika. Usinisadiki kwa maneno. Chukua ndoo ya maji, pitisha kamba kwenye mshikio wake, wewe shika ncha moja, mwenzako ashike nyingine. Simameni karibu mwinue. Kisha kila mmoja arudi nyuma polepole bila kuishusha ndoo. Mtafika mahali kamba zimefunguka kama V pana sana, na hapo kila mmoja wenu atakuwa amebeba uzito wa ndoo nzima, ingawa ndoo ni moja. Endeleeni kurudi nyuma, halafu uniandikie mmeona nini.

Sisi kazini, kabla mtu hajaning'inizwa popote, mkubwa wetu anasimama akiangalia pembe kati ya kamba, na anayefunga haruhusiwi kumkatisha. Siku za kwanza niliona ananichelewesha. Siku hizi naomba aangalie mara ya pili.

Sasa na mimi nauliza. Hiyo kamba ya mti hadi mti, ilikuwa imelegea au imekazwa? Na baada ya kuachia, ni nini kilibaki juu kwenye mkaratusi? Fundo likifunguka, kamba yote inashuka na mti unabaki mtupu. Kamba ikikatika, fundo linabaki palepale. Wanasema fundo limefunguka. Nani alipanda kuangalia?

Kula vizuri. Mama yako anasema ulirudi shuleni umekonda.

Shangazi yako,
Nesta


Bwenini
31 Agosti 2025

Shangazi,

Shikamoo. Tulifanya jaribio la ndoo Jumapili iliyopita baada ya ibada, mimi na Violet, na Erica akawa anatuangalia pembe kama mkubwa wenu. Tulipokuwa karibu ilikuwa rahisi. Tulipoanza kuachana Violet akasema, "Wewe, mbona ndoo inaongezeka maji?" Tukazidi kurudi. Mikono ikaanza kutetemeka.

"Ferista, hii ni fizikia au unataka kutung'oa mabega?"

"Nyoosheni!" Erica akasema. "Kamba haijanyooka bado!"

"Njoo unyooshe wewe, mdomo mrefu!"

Akaja. Tukawa wawili upande mmoja, tukavuta mpaka Violet akaburuzwa na viatu vyake vikachora mchanga. Kamba haikunyooka. Kila tulipoongeza nguvu ilibaki na tumbo dogo pale penye ndoo, na lile tumbo dogo lilikataa kabisa kwisha. Halafu mshikio wa ndoo ukang'oka. Matroni amesema tutainunua.

Sikulala usiku ule, Shangazi. Umeniuliza kama kamba ilikazwa. Ilikazwa. Kwanza Mjomba Rabson aliifunga ikiwa imelegea, ina tumbo kubwa, kisha watu waliona haifai, wakaikaza.

Ngoja nikueleze kwa nini waliona haifai. Wewe umeondoka nyumbani siku nyingi, lakini utakumbuka vichanja vya kuanikia kahawa. Kila mwaka kabla ya mavuno mimi na Baba mdogo tunakaza waya wa kichanja, yeye anavuta na koleo, mimi nagonga misumari. Waya ukilegea, kahawa mbichi inajikusanya katikati na kuoza. Baba mdogo huupiga kwa kidole, na usipolia anasema bado. Kwetu kitu kilichokazwa ndicho imara. Hakuna aliyekuwa pale ambaye hajawahi kukaza kichanja. Kwa hiyo waliikaza ile kamba mpaka ikawa inalia.

Kuhusu mtini, sikuangalia. Kulikuwa na kelele nyingi.

Mwanao,
Ferista


Tunduma
9 Septemba 2025

Ferista,

Sasa nakupigia hesabu, kwa kuwa najua bila hesabu hutulii.

Baba yako mdogo na matope yake tuseme kilo themanini. Kapi lilikuwa juu yake na watu walivuta kamba kuelekea chini. Ili mzigo upande, wavutaji nao wanavuta kwa nguvu kama ileile, kwa hiyo kapi halikubeba themanini, lilibeba karibu mia na sitini. Hilo ndilo la kwanza ambalo hukulichora.

La pili ni pembe. Miti ile naifahamu, imeachana kama mita kumi. Kamba ingeachwa na tumbo la mita mbili na nusu, kila upande ungevutwa kwa uzito wa kama kilo mia na themanini. Tumbo likiwa nusu mita, inafika karibu mia nane. Kamba ilijinyoosha kidogo ilipobeba, kwa hiyo punguza, sema mia tano au mia sita. Bado ni nyingi mno kwa kamba ile ya katani iliyolala chini ya mvua. Tena fundo lolote, hata langu, huipunguzia kamba nguvu mahali lilipo, na kamba ikizidiwa mara nyingi hukatika pembeni ya fundo.

Kwa hiyo jibu la swali lako ni hili. Ulikosea. Umri wako na kitabu chako havikukuonyesha hilo, na hakuna mtu mzima pale aliyekuzuia. Lakini ulikosea, na siwezi kukuandikia tofauti ili ulale.

Sasa sikiliza. Umeniandikia ukurasa mzima juu ya ndoo na mstari mmoja juu ya mti. Umesema "watu waliikaza". Watu gani? Kamba ilifungwa mara ya kwanza ikiwa sawa, mtu fulani akasema ikazwe. Mimi nimekulea miezi minane mama yako alipokuwa hospitali. Najua unavyoandika ukiwa umeficha kitu, herufi zako zinakuwa ndogo.

Kikao cha ukoo kimepangwa tarehe 4 Oktoba, nyumbani kwa baba yako. Wanataka kumaliza jambo la Rabson. Wakisema ni uzembe wake, hatachimba tena kisima chochote kuanzia kata ya Ruanda hadi Vwawa, na mkewe pale nyumbani hataweza kuchota maji bila kusemwa. Mimi nitakuwa zamu siku hiyo.

Mwandikie Rabson. Nitampelekea mwenyewe, kuvuka si kazi.

Nesta


Bwenini
14 Septemba 2025

Mjomba Rabson,

Shikamoo. Natumaini hujambo huko Nakonde. Mimi sijambo, masomo yanaendelea. Baba mdogo anatembea kwa magongo mawili, na anasema baridi ya asubuhi inamuuma nyonga.

Pole kwa yote. Nilitaka kukuuliza, siku ile ulifunga fundo la aina gani kwenye mkaratusi? Ni kwa ajili ya masomo.

Ferista


Nakonde
22 Septemba 2025

Profesa!

Mulishani! Huku ndivyo tunavyosalimiana, jibu utajifunza ukija. Barua yako imeletwa na askari mwenye sare. Nilipomwona anakuja na kuuliza jina langu nilijua nimekwisha. Kumbe ni shangazi yako. Jamaa zangu wa mizigo walishatawanyika wote, na mpaka leo mmoja hajarudi.

Kazi yangu sasa ni kusukuma mkokoteni, natoa mizigo upande huu napeleka upande ule. Mizigo wanafunga wengine, mimi nasukuma tu. Sifungi kitu tena, Profesa. Hata viatu nimenunua vya kuchomeka, visivyo na kamba. Jamaa wananicheka, wananiita Bwana Ndala.

Fundo nililofunga ni lile ninalofunga siku zote, la kuzungusha mara mbili na kurudisha. Baba yako mdogo amening'inia kwenye fundo hilo miaka kumi na moja. Nimelifikiria sana. Nikilala vidole vinalifunga vyenyewe kwenye shuka. Mara ya kwanza nililifunga vizuri, hilo naapa. Lakini ya pili, tulipofungua ili tukaze, unakumbuka ulivyosema? "Kamba hiyo ina mimba, mtaizalisha au mtaikaza?" Wewe, ambaye hata salamu unaitoa umeangalia chini! Watu walicheka mpaka mzee mmoja akakaa chini. Mimi nikiwa juu ya ngazi nilicheka hadi machozi, na nikafunga huku nacheka. Nafikiri ndipo nilipokosea. Lilikuwa fundo la mtu anayecheka. Aliyekuwa anapandishwa ni rafiki yangu, nami nafunga huku nacheka.

Usinielewe vibaya, mzaha wako ulikuwa mtamu, na bado nacheka nikiukumbuka. Wewe kosa lako halipo. Soma kwa bidii. Siku ukiwa injinia uje ujenge daraja hapa mpakani, nipumzike kusukuma.

Kikao kikikaa, sitakuja. Mwambie Ambakisye naomba radhi. Mimi mwenyewe nimeshindwa kumwambia.

Rabson


Bwenini
6 Oktoba 2025

Shangazi Nesta,

Shikamoo. Uliniuliza watu gani. Ni mimi.

Nilifanya mzaha, nikasema kamba ina mimba. Hujawahi kunisikia nikifanya mzaha, na wao pia hawakuwahi. Watu wote waligeuka wakanitazama wakicheka, na kwa mara ya kwanza kutazamwa hakukuniumiza. Niliipenda ile hali, Shangazi. Ndiyo maana waliposhika kamba kuikaza nilizidi kusema, "Bado! Bado haijalia!" Nilitaka inyooke kama mstari niliouchora.

Na mtini niliangalia. Baba mdogo alipoanguka nilikimbia, na njia ya kukimbilia nyumbani inapita chini ya mkaratusi. Nikainua macho. Fundo lilikuwa palepale, limekaza, na kipande kifupi cha kamba kimechanua kama ndevu. Wengine wote walikuwa wamekizunguka kisima. Nilipowasikia wanasema limefunguka, sikusema neno. Kila siku ya likizo iliyobaki nilipita pale nikitumaini limeanguka lenyewe.

Barua ya Mjomba Rabson niliisoma chooni, kisha nikaenda kwa matroni kuomba ruhusa. Aliniuliza sababu. Nikamwambia kuna mtu anasingiziwa kwa ajili yangu. Alinitazama, akaandika "udhuru wa kifamilia".

Jumamosi nilifika nyumbani kikao kimeshaanza. Niliketi na akina mama kwenye mkeka. Baba alikuwa anasema, "Rabson ni mwenzetu, lakini uzembe ni uzembe." Nikasimama. Nikafungua mdomo, na Shangazi, hakuna kilichotoka. Mama akanivuta sketi, "Kaa chini, una nini?" Sikukaa. Nikatoka nje, nikachukua ngazi ya kupogolea iliyokuwa kwenye ukuta, nikaiburuza mpaka kwenye mkaratusi.

Baba alitoka ananifokea. "Wewe Ferista! Umechanganyikiwa? Shuka huko!"

Nilikuwa nimeshafika. Kule juu, nikiwa nimelikumbatia shina na sizioni nyuso zao, sauti ikaja. Nikasema, "Baba, njoo uone. Halikufunguka."

Akapanda baada yangu. Alilishika fundo muda mrefu, akalivuta, akaweka uzito wake. Halikusogea. Alipoteremka aliwaambia tu, "Liko hapa." Wazee wakaanza kusema basi ni kamba, kamba mbovu, hakuna mwenye kosa. Hapo ningeweza kunyamaza kwa mara nyingine, na mambo yangeishia hapo vizuri. Nikawaambia mchoro ulikuwa wangu, na kuikaza ilikuwa kauli yangu na mzaha wangu, na kwamba fundo nililiona siku ileile. Niliwaeleza mambo ya pembe kwa ndoo ya jikoni. Baba alishika ncha moja ya kamba, mimi nyingine. Alipoanza kutetemeka mikono aliishusha ndoo, akaingia ndani.

Baba mdogo alikuwa kwenye kiti chake, magongo magotini. Nilimpigia magoti. Akasema, "Kumbe ni wewe uliyewachekesha? Nilisikia kicheko nikiwa chini. Nikajiambia, wanacheka, basi mambo ya juu ni mazuri." Kisha akageuza uso kwenye vichanja. Hakuniambia nyanyuka. Nilinyanyuka mwenyewe baadaye, Mama aliponiita jikoni.

Baada ya hapo nilifanya hivi. Nilipanda tena na panga nikakata kamba pande zote mbili za fundo, nikaliweka kwenye begi. Jumapili asubuhi Baba alinipeleka Tunduma. Tulipita kituoni kwenu tukaambiwa mmetoka kwenda kwenye ajali ya lori. Tukavuka kwa miguu. Mjomba Rabson tulimkuta kwenye foleni ya mikokoteni, amevaa viatu vyake visivyo na kamba. Nilimwambia yote pale kwenye vumbi, watu wanapita, na mara mbili ilibidi nirudie kwa sababu sauti ilikuwa ndogo. Nikampa fundo.

Aliligeuza mkononi, akatafuta kasoro. Hakuipata. Baba akamwambia kikao kimemwita arudi nyumbani. Mjomba hakusema amenisamehe, nami sikumwuliza. Fundo alilitia mfukoni.

Foleni ikasogea. Mzigo wake ulikuwa wa magunia ya mchele, na turubai lilikuwa limefungwa ovyo na kijana wa duka, limeanza kufunuka. Akaliangalia. Akaniambia, "Shika huku." Nikashika. Akazunguka upande wa pili wa mkokoteni, akaifungua kamba ya yule kijana, akaifunga upya.

Ferista